Sindano ya Paka na Saa Kumi na Mbili za Kasumbalesa

Miongoni mwa magonjwa ambayo binadamu huyahesabu kuwa yake peke yake, kisukari ndicho kinachowashangaza wengi kinapotajwa kwa paka, na katika Kasumbalesa, mji ulio mpakani mwa Kongo na Zambia, yapata kilomita 90 kusini-mashariki mwa Lubumbashi, mshangao huo kwa kawaida hufuatwa na kicheko, kisha na swali la bei. Hata hivyo ugonjwa huu ni wa kweli, tiba yake inajulikana, na una sifa moja ambayo wagonjwa wengi wa kibinadamu wangeionea wivu, kwamba paka aliyeanza kutibiwa mapema anaweza kufikia hatua ya kuachana na sindano. Kikwazo kikubwa cha kuifikia hatua hiyo ni nyumba anamoishi, kwa kuwa ugonjwa humpata mnyama mmoja, lakini nidhamu ya kuutibu hudaiwa kwa kila mtu apitaye karibu na bakuli lake.

Kisukari ni hali ambamo sukari hubaki katika damu kwa sababu insulini, yaani homoni itengenezwayo na kongosho ili kuiwezesha sukari hiyo kuingia katika seli, ni haba au haitiiwi na mwili. Kwa paka, namna iliyo ya kawaida hufanana na aina ya pili ya binadamu, na humwandama hasa dume aliyehasiwa, aliyepita umri wa miaka 7 hivi, mnene na asiye na shughuli. Sifa hizo huweza kukusanyika kwa paka wa depo, yaani ghala la unga wa mahindi, ambao mara nyingi huvushwa kutoka Zambia. Paka huyo huajiriwa akiwa kijana kwa ajili ya panya, hufanya kazi kwa bidii miaka michache, kisha hupandishwa cheo hadi sebuleni, ambako huishi kama waishivyo wakubwa wengi waliopandishwa cheo. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell mjini Philadelphia walionyesha kwamba jeni moja kati ya mbili zinazounda kionjeo cha utamu imeharibika kwa paka wa nyumbani, na vivyo hivyo kwa duma na simbamarara. Paka, kwa hiyo, hausikii utamu wa sukari, na anapougua kisukari hulipa deni la karamu ambayo hakuionja.

Dalili za kwanza ni kiu, mkojo mwingi, na njaa kubwa inayokwenda pamoja na kukonda. Katika mji ambamo nyumba nyingi huweka maji yake ndani ya bidoni, yaani madumu, kiu hugunduliwa mapema lakini hufasiriwa vibaya, kwani bidoni inapopungua hushukiwa kwanza mpangaji, kisha watoto, kisha mgeni aliyekuja kwa siku mbili akakaa mwezi, na mwisho kabisa ndipo mtu anapomkuta paka ameliinamia beseni la vyombo, akinywa bila kuinua kichwa. Ugonjwa ukiendelea, neva za miguu ya nyuma hudhoofika na paka huanza kutembea kwa visigino, jambo ambalo wasiojua hulichukua kuwa ni uzee au, kwa wenye ulimi mkali, majivuno.

Uthibitisho wa ugonjwa huhitaji daktari wa wanyama, na kwa mkazi wa Kasumbalesa hilo kwa kawaida humaanisha kwenda Lubumbashi, ambako Chuo Kikuu kina kitivo cha tiba ya wanyama. Barabara iendayo huko ni ile ile ipitishayo malori ya shaba na kobalti, na paka aliyefungiwa kikapuni, katika teksi yenye abiria wengi kuliko viti, huimaliza safari hiyo kwa kulia mfululizo huku kila abiria akitoa shauri lake. Kelele hizo zina athari ya kitabibu, kwa sababu paka mwenye hofu hupandisha sukari ya damu hata kama si mgonjwa. Ndiyo maana daktari makini haridhiki na kipimo kimoja cha mezani, bali hutafuta pia kiasi cha fruktosamini, yaani protini za damu zilizonasa sukari, ambazo huonyesha hali ya wiki mbili hivi zilizopita. Fruktosamini haina habari ya teksi.

Baada ya hapo upimaji huhamia nyumbani, ambako tone la damu hutolewa ukingoni mwa sikio na kupokewa na kifaa kile kile watumiacho binadamu. Hapa ndipo mpaka unapoingia katika tiba. Vifaa vinavyouzwa upande wa Zambia husoma kwa milimoli kwa lita, na vile vya upande wa Kongo aghalabu husoma kwa miligramu kwa desilita, hivi kwamba paka huyo huyo, katika dakika hiyo hiyo, anaweza kuwa na sukari ya 15 kwa kifaa cha Chililabombwe, upande wa Zambia, na ya 270 kwa kifaa cha Kasumbalesa, na mwenye paka asiyejua tofauti hiyo atashukuru Mungu au atakaa chini kwa kutegemea kifaa alichoazima. Milimoli 1 kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita, na wabadilishaji fedha wakaao kando ya barabara na mafungu yao ya faranga, kwacha na dola wangekiri kwamba hicho ndicho kiwango pekee mpakani kisichopanda asubuhi na kushuka jioni. Paka mzima kwa kawaida huwa na milimoli 4 hadi 8 hivi, na akifikia karibu 15 figo hushindwa kuizuia sukari, nayo humwagikia katika mkojo. Ikumbukwe pia kwamba kifaa kikishaingia nyumbani hakibaki cha paka peke yake: baba mdogo aliyecheka kuliko wote hujitolea kidole kwa mzaha, husoma tarakimu, hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama kifaa hiki hakijaharibiwa na damu ya paka.

Insulini yenyewe hupimwa kwa yuniti. Insulini glajini, ambayo ni dawa ya binadamu inayotumiwa sana kwa paka kwa kuwa hufanya kazi polepole na kwa muda mrefu, kwa kawaida huwa na yuniti 100 katika kila mililita, ilhali baadhi ya insulini za wanyama huwa na yuniti 40, na kila moja ina bomba lake la sindano, ambalo kofia yake kwa kawaida huwa ya rangi ya chungwa kwa ile ya 100 na nyekundu kwa ile ya 40. Anayeivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 humpa paka mara mbili na nusu ya kiasi alichokusudia. Dozi ya kuanzia, ambayo ni daktari aipangaye, mara nyingi ni yuniti 1 tu asubuhi na 1 jioni, na katika insulini ya 100 hiyo ni sehemu moja ya mia ya mililita, karibu moja ya tano ya tone la maji. Ni vigumu kumweleza jirani kwamba kitu kidogo kiasi hicho ndicho kilichomaliza pesa ya sikukuu.

Udungaji, kinyume cha hofu ya wengi, si jambo gumu kwa paka. Chakula huwekwa, paka huinamisha kichwa, ngozi ya ubavuni hukunjwa na kuinuliwa kwa vidole viwili, sindano huingia katika mkunjo, na mgonjwa mara nyingi haachi hata kutafuna. Anayeumia ni msaidizi, aliyekabidhiwa taa ya simu kwa sababu umeme umekatika, ambaye hufumba macho kabla ya wakati na kuimulika dari, hata sindano ikatokea upande wa pili wa mkunjo na dawa ikaishia katika manyoya, kosa litambulikanalo kwa unyevu mdogo na harufu kali ya hospitali. Kanuni hapa ni moja, kwamba asiyejua kiasi gani kimeingia asirudie, kwa kuwa nusu siku ya sukari ya juu huvumilika, lakini dozi mbili kwa mara moja zinaweza kuua. Kwa sababu hiyo hiyo kila nyumba yenye paka wa insulini inahitaji daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, maana wema wa mtoto mkubwa anayedunga nusu saa baada ya mama yake kudunga ni wema wa hatari.

Dozi hizo zapaswa kupishana kwa saa 12, pamoja na chakula, na hitaji hilo ni geni kwa mji ambao riziki yake yote ni kungoja: dereva hungoja zamu ya lori, wakala hungoja karatasi, na mchuuzi hungoja dereva aliyekata tamaa anunue chakula. Mwezi Agosti 2024, baada ya Kongo kupiga marufuku uingizaji wa bia na vinywaji baridi na wachukuzi kulalamika, Zambia ilivifunga kwa siku chache vituo vya mpakani vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Hivyo vinywaji vyenye sukari viliweza kusimamisha malori ya nchi mbili, ila sukari ya paka haikuwa na mahali pa kusimama ikingoja mazungumzo. Mwenye busara, kwa hiyo, huweka chupa ya akiba, ingawa kuivusha nako kuna mitihani yake, kwa kuwa chombo chenye barafu huamsha udadisi wa kila amwonaye, na kijana wa kubeba mizigo, akiisha kuuliza, “Papa, hii dawa ni ya nani?” na kujibiwa kwamba ni ya paka, humtazama mteja wake upya na kuongeza bei.

Chupa hiyo, kabla ya kufunguliwa, huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi na haipaswi kuganda kamwe, jambo linaloifanya friji kuwa uwanja wa ugomvi, kwani umeme ukikatika dawa hupata joto, na ukirudi hutokea mtu akaisogeza chupa hadi penye barafu ili kuwapisha samaki. Chungu cha udongo kinacholowanishwa kwa maji, ambacho hupoa kadiri maji yanavyokauka, husaidia hasa wakati wa kiangazi, ilimradi watoto wasikitumie kufichia peremende zao.

Hata hivyo ni katika chakula ndipo tiba hushinda au hushindwa. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na lishe yenye protini nyingi na wanga kidogo humsaidia kuituliza sukari, ingawa haina budi kubadilishwa kwa usimamizi wa daktari, kwa kuwa sukari ikishuka upesi dozi nayo hupaswa kupunguzwa. Nyumbani, lakini, bukari, ambao ndio ugali wa eneo hili la Katanga, uko mezani kila siku, na mkono wa kila mlaji hushuka chini ya meza ukiwa na tonge dogo lililochovywa katika mchuzi wa kapenta, dagaa wakavu wapendwao pande hizo. Bibi hutoa kwa huruma, mtoto kwa urafiki, mgeni kwa kujionyesha, na kila mmoja huapa kwamba lake lilikuwa moja tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe husomeka jioni katika kifaa. Paka naye, ambaye amekula kwa watu sita, hulia mlangoni mwa wa saba kama asiyeonja kitu tangu alfajiri.

Hatari iliyo kinyume cha hiyo ni sukari kushuka mno, chini ya milimoli 3.3 hivi, ambapo paka hulegea, hupepesuka, na huweza kupatwa na degedege. Dawa ya dharura ni asali au maji ya sukari yanayopakwa katika fizi, kisha kumwona daktari bila kukawia. Asali ya misitu ya miombo ya Katanga hupendwa na wengi, na mnyama huyu huweza kuokolewa nayo pasipo kusikia utamu wake, huku watoto wakitazama kwa uchungu.

Nyumba ikifaulu kuidhibiti mikono yake, dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, na paka akikaa angalau wiki 4 na sukari ya kawaida bila insulini husemwa kuwa amepata nafuu kamili. Nafuu hiyo hutokea zaidi kwa waliotibiwa mapema na kwa ukaribu, wala haimaanishi kwamba kongosho limekuwa jipya, kwa kuwa sehemu ya paka hao hurudiwa na ugonjwa; adui wake wa kwanza, basi, ni sherehe ya kuipongeza, ambayo bila shaka itapikiwa bukari. Upimaji na lishe huendelea, na mwenye nyumba ataona kwamba daftari lina mlinzi mpya, kwani paka aliyelishwa kila baada ya saa 12 kwa miezi huishika ratiba hiyo kuliko waliomfundisha, naye atakuwa mkaguzi pekee wa mpakani asiyechelewa kazini wala kupokea chochote ili anyamaze, isipokuwa samaki.