Grisi na Utingo

Trekta la mjomba wangu lina grisi kila mahali. Usukani una grisi, kiti kina grisi, mfuniko wa chupa ya chai una grisi, na hata shati la Jumapili la utingo limeshapata mgawo wake. Palipo pakavu ni nyuma tu, kwenye meno ya pitio (PTO), inapochomekwa shafti ya kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi.

Sababu naielewa. Viungo vya shafti vina nipeli: unabandika pampu, unakamua, grisi inachungulia pembeni, unajiona fundi. Meno hayana nipeli. Yanataka uzime injini (pitio haina huruma na kanzu wala khanga), uchomoe shafti, ufute vumbi, upake kwa brashi, urudishe. Nani ana subira hiyo Kiteto, wakati wa mavuno, wenye mahindi wamejipanga wanagombea zamu?

Basi kazi ilipoisha kwenye shamba moja tukataka kuhamia la jirani. Utingo akabonyeza pini, akavuta. Shafti ikagoma. Akaweka mguu kwenye tairi, akavuta tena, akaangukia magunzi. Punde si punde kila aliyepita njia akawa fundi. Mmoja alishauri dizeli, mwingine mafuta ya breki. Mama mwenye shamba alitoka na chupa ya mafuta ya kula, akaitazama, bei ikamjia kichwani, akarudi nayo ndani. Mzee mmoja, mikono mfukoni, aliagiza nyundo, na kila ilipogonga alisema, “Siyo hivyo.”

Fundi mwenyewe alikuja kwa bodaboda. Akapulizia dawa ya kutu, akasema iachwe inywe, naye akaenda kula ugali wetu. Aliporudi akagonga taratibu na kipande cha ubao, shafti ikatoka ikimwaga unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Akatuonyesha meno: yako 6, yanazunguka mara 540 kwa dakika, yaani 9 kila sekunde. Yakikosa grisi yanasuguana kidogo kidogo, yanatoa kutu, na ile kutu nayo inageuka msasa. Yakiisha, trekta litanguruma na mashine itabaki inalitazama. Akatukumbusha na mabomba mawili ya shafti yanayoingiana: yakikauka, trekta likipanda tuta shafti haifupiki, inasukuma beringi za watu.

Utingo alisikiliza kuliko wote. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Baadaye trekta lilipasuliwa katikati kubadilisha klachi. Shafti ya giaboksi nayo ina meno, sahani ya klachi hutelezea hapo, na hayo hutaka grisi ya kupitisha tu, nyembamba, ziada ifutwe. Fundi aliitwa kwenye simu, akamwambia utingo amalizie kupaka. Kijana akapaka kwa moyo wote. Trekta likaunganishwa, likawashwa, grisi ikarushwa hadi kwenye sahani mpya, na mjomba akaingiza gia akabaki palepale, injini inalia.

“Ulipaka kiasi gani?” fundi akauliza.

“Karibu kopo zima, fundi. Si ulisema isikosekane?”

Mjomba akauliza kwa sauti ya chini kama sahani haiwezi kuoshwa na sabuni ya unga.

“Hii haifuliwi, mzee. Inanunuliwa.”

Utingo akainua kopo, akachungulia ndani. “Na hii iliyobaki, fundi, tuipake wapi?”