Sifa za Debe

Leo nalipigia debe debe lenyewe, maana limewapigia wengine miaka na miaka na halijawahi kuomba posho.

Lilipanda Ufipa limebeba mafuta ya taa, galoni 4, lita 18 na ushei. Mafuta yakaisha, nalo ndiyo kwanza likaanza kazi: likachota maji, likachemsha pombe, likakunjuliwa likaezeka, likakatwa likawa koroboi. Tena hii ni nchi ya wahunzi! Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe kwenye malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu. Leo malungu wanayatafuta watafiti. Debe, bati jembamba la kuja, linatafutwa na kila mwenye mahindi.

Na hapo kwenye mahindi ndipo fadhila zake zilipo. Kule kijijini Kate, mavuno yakishapukuchuliwa, hakimu ni debe, na uzuri wa hakimu huyu ni kwamba anamsikiliza aliyemshika. Mlanguzi huja na lake, kitako kimegongwa kwa ndani hadi kikatuna, na hulijaza mpaka mahindi yaporomoke pande zote, ndipo anasema, “Haya, moja.” Akienda kuuza, kitako kinarudishwa ndani na mkono unapita juu kulisawazisha, punje isizidi. Mizani gani ina akili hiyo? Hata mjukuu wake sado, lile kopo la rangi, ameshaanza kuiga.

Wenye wivu wakatunga methali kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kweli linavuma. Mwezi wa pili debe la nyumbani ni tupu kwa sababu la mlanguzi lilijaa mwezi wa saba, mlitaka linyamaze?

Stendi ya Sumbawanga mpiga debe anajaza basi la Namanyere hana hata kipande cha bati mkononi, na wakati wa kampeni waheshimiwa hupigiwa hivyohivyo. Aliyefungwa naye tunasema kanyea debe: ndugu wamemkimbia, lenyewe limebaki naye selo.

Najua Wakala wa Vipimo wanataka mizani, na NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, hununua mahindi kwa kilo. Sawa, kilo hazina kitako cha kugonga. Lakini mama wa Kate akiwahi kisimani alfajiri, mwambieni ajitwike mizani.