Nimehamishwa Tena

Simu yangu ina mitandao minne ya kijamii na hakuna hata mmoja niliouomba. WhatsApp ililetwa na shemeji, Facebook ikaletwa na watu niliosoma nao, Instagram ni ya muuza vitenge wa mke wangu, na TikTok ni kazi ya fundi simu wa stendi ambaye hata sikumtuma. Matangazo ya redioni hayajawahi kunishawishi kitu. Walionimaliza ni watu ninaowafahamu kwa majina na kwa madeni.

Nianze na shemeji. Zamani mchango wa harusi hapa Manundu, Korogwe, ulikuja na kadi, kadi ikaletwa na mtu, na mtu huyo ukimwona kwa mbali unatokea mlango wa uani. Mke anamjibu, "Baba katoka kidogo." Mambo yanaisha kistaarabu. Siku hizi kamati inafungua grupu, unaburutwa humo bila hodi, na jioni katibu anabandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, kinachodaiwa. Langu liko namba tatu, lina sifuri pembeni, na mama mkwe yumo humo humo anasoma. Mpaka mwanzoni mwa 2016 grupu la WhatsApp lilikuwa linaishia watu 100, wakapandisha hadi 256, na 2022 wakafikisha 1,024. Yaani kuna mtu kule California alikaa kitako akaona wachangiaji 256 hawatoshi kumwoza binti wa watu! Mwaka huohuo wakaruhusu mtu atoke kwenye grupu kimyakimya, asijue yeyote isipokuwa admin. Admin ni shemeji.

Kabla ya hapo nilijaribu kubaki na kitochi changu. Kikao kikahamishwa, nikafika ukumbini nikakuta mlinzi na viti. Tangazo lilikuwa limepita "kule". Ukatokea msiba Mombo, nikaujua watu wakiwa wanarudi kuzika. Ujumbe wa kawaida hakuna anayeutuma tena, labda kampuni ya simu ikikusihi ununue kifurushi, na yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukitaka kupata habari ya ukoo wako mwenyewe, hamia walikohamia.

Wasomi walishalichunguza jambo hili, tena kwa mahindi. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti juu ya wakulima 259 wa Iowa, Marekani, na namna walivyoipokea mbegu ya chotara. Habari za mbegu waliletewa na wachuuzi, lakini aliyewatia moyo wakapanda ni jirani. Wakapanda wote, isipokuwa wawili. Hao wawili ningewanunulia kahawa na kashata. Baadaye akaja Everett Rogers, mtoto wa mkulima wa hukohuko Iowa. Baba yake aliikataa mbegu ile mpaka ukame wa 1936 ulipomkaushia shamba huku la jirani limesimama. Mwaka 1962 Rogers akaandika kitabu akawapanga binadamu kwa mafungu: wanaotangulia kabisa ni asilimia 2.5, na sisi wa mkiani ni 16.

Namheshimu marehemu Rogers, ila mahindi yana adabu. Ukipanda chotara peke yako Korogwe nzima, utavuna. Na majirani wote wakipanda chotara, mbegu yako ya kienyeji haitagoma kuota. Mtandao hauna huruma hiyo. Ukiwa peke yako ndani yake huna hata wa kumsalimia, na wenzako wakishahama, ule wa zamani unakufia mkononi. Waliowahi kuwa na Hi5 wanajua. Enzi za kulipia kompyuta kwa nusu saa, Hi5 ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Facebook ilipowachukua watu, tulibaki na picha zetu za suti ya kuazima na hakuna wa kuzisifia.

Si kila kinachotoka mjini kinatufikia, nashukuru. Clubhouse, ule mtandao wa kupiga soga kwa sauti, mwanzoni mwa 2021 ilikuwa ya kualikwa, tena kwa wenye iPhone tu. Ilitupita hapa kama basi la Arusha lisilo na abiria wa kushusha.

Ukitaka kuona kitu kinavyoenea, kaa kwa fundi simu pale stendi. Vijana wa machungwa wanakimbilia madirisha ya mabasi, yeye yuko nyuma ya kisanduku chake cha kioo, kimejaa kava na chaja. Nilimpelekea simu anibadilishie kioo, akanirudishia kioo na TikTok. "Mzee, hiyo bure. Nimekurushia kwa Xender, haijala bando." Kijana aliyekuwa benchini akadakia, "Na mimi nirushie." Hapohapo wakawa wawili. VPN nayo ilipita benchi hilohilo Oktoba 2020, wiki ya uchaguzi, mitandao ilipobanwa. Mama wa maandazi, ambaye hajawahi kuniuliza hali, akaniuliza kama yangu inashika.

Basi nikafungua hiyo TikTok. Cha kwanza kunitokea ni jirani yangu ninayemdai hela ya mifuko ya saruji. Yuko mubashara, kavaa miwani ya jua chumbani, anawashukuru watu wa Mbeya kwa kumtumia maua. Akawataja mmoja mmoja. Deni langu hakuligusa.

Na sasa chama chetu cha kuzikana kimeamua kuhamia Telegram. Katibu anasema kule grupu moja linaingiza watu 200,000. Mji wa Korogwe, ukihesabu na vichanga vya wodini, hatufiki huko. Nikauliza hao wengine tutakaozikana nao ni akina nani. Nimejibiwa kwamba maswali yote yanaulizwa kulekule.