Utani Hausafiri kwa Bando

Ofisi yetu iko Dar es Salaam, mimi niko Segera, wilayani Handeni, pale barabara ya kutoka Chalinze inapogawanyika: mkono mmoja Tanga, mkono mwingine Korogwe, Moshi na Arusha. Nafunga hesabu pamoja na watu ambao wengi wao sijawahi kupeana nao mkono. Uzuri wa mpango huu wa kufanyia kazi nyumbani siukatai. Sigombani na daladala, na kikaoni nakaa na shati juu, msuli chini.

Tatizo ni kwamba kikao kinaangukia muda ambao mabasi ya kutoka Dar yanamiminika. Nikifungua maiki tu, wenzangu wanasikia honi, wauza machungwa na makonda wakiita "Arusha, Moshi!" Mhasibu mkuu hunitakia safari njema. Nimeshamweleza kuwa niko nyumbani kwangu. Akanionya nisitoe simu ovyo ndani ya basi.

Haya bado ni madogo, na anayeona kasoro za kazi ya mbali si mimi peke yangu. Hata kampuni ya Zoom yenyewe, wauzaji wa vikao vya mbali, Agosti 2023 iliwaagiza wafanyakazi wake wanaoishi ndani ya maili 50 kutoka ofisini, yaani kama kilomita 80, waripoti walau siku mbili kwa wiki. Muuza supu akionekana anakula kwa jirani, wateja lazima tujiulize.

Mimi kinachoniuma ni utani. Mimi ni Mzigua, na ofisini yuko Mnyamwezi mmoja wa Tabora. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu. Baadaye wakaja kukata mkonge kwenye mashamba ya huku kwetu, na utani ukaendelea. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, kukuita mtumwa wake, hata kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Hukasiriki, kwa sababu unamwona usoni anavyobana kicheko.

Kwenye simu uso haupo. Nilipofiwa na shangazi, mtani wangu aliandika kwenye kundi la ofisi: "Huyo mtumwa wangu asipewe ruhusa. Anafuata pilau tu." Nilicheka machozi yakiwa hayajakauka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Kabla sijamjibu, afisa rasilimali watu, kijana mgeni kazini, alishamwandikia barua ajieleze kwa "lugha ya udhalilishaji". Mimi nikaitwa kwenye kikao cha video kama mlalamikaji. Nikasema kwa sauti kubwa: "Hakuna kosa!" Mtandao ukameza silabi ya kwanza. Kwenye muhtasari ikaandikwa kwamba mlalamikaji amethibitisha: kuna kosa.

Mtani akapewa onyo. Siku hizi ananiandikia "Habari za asubuhi, ndugu mfanyakazi mwenzangu." Tusi hilo sijalizoea.

Kilichobaki kutuunganisha ni michango. Harusi, kipaimara, msiba, natuma tu. Majina kamili ya wenzangu nayajua kwa sababu hutokea kwenye ujumbe wa muamala.

Basi juzijuzi Mnyamwezi alikuwa anakwenda harusini Moshi, gari likasimama Segera abiria wachimbe dawa. Simu ikalia: "Mtumwa, toka nje!" Nilitoka mbio na msuli wangu. Kwenye skrini nilidhani ni pande la mtu. Kumbe ananifika kwapani. Akachukua mfuko wa machungwa, akamwambia muuzaji, "Mtumwa wangu atalipa." Nikalipa. Suala la ankara zilizopotea, ambalo barua pepe zilikuwa zimelizungusha tangu Pasaka, tulilimaliza akiwa mguu mmoja chini, mmoja kwenye ngazi ya basi, konda anatutukana sote wawili bila kuwa mtani wa yeyote.

Waajiri, kwa fedha za bando tunashukuru. Ongezeni na nauli, watu waonane walau mara mbili kwa mwaka. Kama ukumbi wa hoteli ni ghali, tuleteni wote Segera: mabasi yanasimama hapa kila siku, na machungwa safari hii atalipa Mnyamwezi.