Sifa za Wapangaji Wasiolipa Kodi

Mvua ikinyesha Mukuru kwa Reuben, udongo mweusi hunywa, huvimba, kisha huikamata gambuti kama kanjo amkamatavyo mchuuzi. Mguu huchomoka ukaenda zake; gambuti hubaki rumande.

Matope hayo hulaaniwa asubuhi na jioni, bila kukumbuka kwamba kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba huweza kubeba bakteria bilioni moja. Mtaa mwingine wenye msongamano huo haujulikani, na hakuna mpangaji wake aliyewahi kufungiwa mlango na mwenye ploti.

Tena wana hodi yao. Ile harufu tamu ya matone ya kwanza, inayowatia kina mama wajawazito hamu ya odowa, ni geosmini, manukato ya bakteria wa jamii ya Streptomaisesi. (Harufu ya mtaro hufuata baadaye, kwa hisani ya bakteria wengine.)

Jamii hii ina ugomvi wa kiukoo. Bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa upendao vyumba vya mabati visivyo na madirisha, ni binamu yao wa mbali, na hawapikiki chungu kimoja. Mwaka 1943, mwanafunzi Albert Schatz aligundua huko New Jersey, Marekani, kwamba Streptomaisesi mmoja wa udongoni hutoa sumu ya kumwangamiza binamu huyo. Ndiyo streptomaisini. Tuzo ya Nobel ya 1952 ikaenda kwa mwalimu wake, Selman Waksman. Schatz hakutuzwa, na bakteria mwenyewe hakuitwa hata kwenye chai. Rifampisini, dawa nyingine ya kifua kikuu, nayo ilitokana na bakteria wa udongo uliochotwa Ufaransa mwaka 1957. Kuanzia 1970, dawa hizo mbili pamoja na isoniazidi zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, na matibabu ya mwaka mmoja na nusu yakaonekana yanaweza kumalizika kwa miezi sita.

Wapo wapendao ghorofa. Jani la nduma au la mgomba hushika maji kwapani. Humo bakteria huozesha takataka na wadudu waliozama, ukawa mchuzi wa viluwiluwi vya mbu. Ni kwa ukarimu huo watafiti wa Entebbe walijikuta Bwamba, Uganda, miaka ya 1940, wakipekua makwapa ya migomba kuwasaka mbu waenezao homa ya manjano. Kila ukoo una mtoto wake mtundu.

Kazi yao kubwa zaidi haina heshima kabisa. Vyoo vya Fresh Life vilipoingia Mukuru mwaka 2011, kinyesi kilianza kutolewa kwa mikokoteni na kugeuzwa mbolea. Kikichanganywa na mabaki ya mimea, bakteria huweza kulipasha lundo joto hadi nyuzi 60 na zaidi, minyoo ikafa, bila kuni wala tokeni ya stima. Sukuma wiki iliyokula mbolea ya namna hiyo ikitua kibandani Reuben, mnunuzi huuliza bei tu, akaomba akatiwe nyembamba.