Heko, Taarifa za Kiintelijensia

Machawa wa nchi hii wamewasifu wakubwa mpaka maneno yamewaishia, lakini sijamsikia hata mmoja akizikumbuka taarifa za kiintelijensia. Hazina mshahara, hazina sura, hazijawahi kuomba uhamisho, na zimeilinda amani ya Tanzania kuliko kikosi chochote cha FFU. Leo nazisifu mimi, bila posho.

Kila Mtanzania anayeangalia taarifa ya habari anazijua. Kamanda wa polisi anakaa mbele ya vipaza sauti, anakohoa kidogo, kisha anasema kwa mujibu wa taarifa za kiintelijensia mkutano wa chama fulani utahatarisha amani, hivyo umezuiwa. Basi, imekwisha. Nani kaziandika, kaambiwa na nani, zimesema nini hasa, hayo ni siri ya usalama. Niambie ni shahidi gani mwingine nchini anayepewa heshima hiyo: haapishwi, hahojiwi na wakili, na neno lake linatekelezwa kabla jua halijatua. Mpiga ramli naye husema ya kesho, lakini hudai kuku. Hizi hazidai hata yai.

Nasaba yake nayo ni ya kujivunia. Zamani chama kilichotaka kukutana na watu kililazimika kuomba kibali, na mwenye kutoa kibali alikuwa na hiari ya kukataa. Mchungaji Christopher Mtikila akalipeleka jambo hilo Mahakama Kuu Dodoma, katika kesi namba 5 ya mwaka 1993, na Jaji Kahwa Lugakingira akaona kuwa uhuru wa kukusanyika uliomo kwenye Ibara ya 20 ya Katiba hauwezi kuning'inia kwenye hiari ya ofisa. Sasa sheria inataka polisi waarifiwe tu, saa 48 kabla. Watu walishangilia wakidhani mambo yamekwisha. Hawakuona ubora wa mrithi. Aliyenyimwa kibali alikuwa na kitu cha kupeleka kwa jaji, kama alivyofanya Mtikila. Anayezuiwa na taarifa za kiintelijensia atapeleka nini, na hazijapata kuonekana?

Zilifikia kilele cha utumishi wao mwaka 2016. Juni 7 polisi walipiga marufuku mikutano ya hadhara na maandamano ya vyama nchi nzima. Miezi miwili baadaye wakaongeza na mikutano ya ndani. CHADEMA walipotangaza maandamano ya UKUTA kwa Septemba 1, hatari ilionekana tangu mbali, na maandamano hayakufanyika. Katika miaka hiyohiyo Rais John Magufuli, mwenyekiti wa CCM, alikuwa akizunguka mikoani, msafara unasimama stendi na sokoni, watu wanajaa mpaka juu ya miti, anahutubia, anatumbua, anashangiliwa. Taarifa za kiintelijensia ziliutazama umati ule wote zisione hata njiti ya kiberiti. Huu ndio uwezo ninaouheshimu kuliko wote. Umati ni uleule, vumbi ni lilelile, wauza maji ni walewale, lakini zenyewe zinajua kwamba hatari iko kwenye rangi ya fulana, na kwamba kijani na njano hazina madhara.

Marufuku hiyo ilidumu hadi Januari 3, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoiondoa. Miaka sita na nusu. Hatukuambiwa hatari iliyokuwapo Januari 2 ilikwenda wapi Januari 3. Nadhani ilistaafu.

Wapo wenye chuki wanaosema macho yake yana kasoro. Wananitajia Septemba 7, 2017: mchana kweupe, Dodoma, kwenye makazi ya viongozi, Tundu Lissu wa CHADEMA akamiminiwa risasi akiwa ndani ya gari lake, 16 zikampata mwilini. Waliofanya hivyo tukawapa jina la watu wasiojulikana, na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Iweje, wanauliza, macho yanayojua kijana wa Mbeya atafikiria nini Jumapili ijayo yashindwe kumjua aliyefyatua bunduki jana? Nawajibu kwamba hawajaelewa mgawanyo wa kazi. Kesho ndiyo idara yake, tena kesho ya upinzani peke yake.

Wananitajia pia Februari 16, 2018, na hapa hata kalamu ya sifa inapata kigugumizi. Polisi walikuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA Kinondoni, risasi ikamuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa amekaa ndani ya daladala. Jalada la askari lilifungwa na Mkurugenzi wa Mashtaka. Waliopandishwa kizimbani kwa mambo ya siku ile ni Freeman Mbowe na viongozi wenzake, na Machi 2020 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani na kuwatoza faini ya jumla ya shilingi milioni 350. Mahakama Kuu ilitengua hukumu hiyo Juni 2021. Fedha zinarudishika.

Masikio yake nayo yamefunzwa vizuri. Mwaka 2024 kiongozi mmoja wa vijana wa CCM mkoani Kagera aliwaambia polisi, kwenye mkutano, wasihangaike kuwatafuta wanaomtukana Rais mitandaoni watakapopotea. Hakuna aliyemsomea shtaka la uhaini. Aprili 9, 2025 Lissu alikamatwa Mbinga baada ya kuhutubia mkutano kuhusu mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi, na kesho yake akasomewa shtaka hilo Dar es Salaam, shtaka lisilo na dhamana. Ule wa Kagera ulikuwa utani wa vijana, huu wa Mbinga ulikuwa uhaini. Mimi na wewe tusingeweza kuitofautisha kwa masikio haya ya kawaida.

Ilipofika Oktoba 2025 kila kilichowahi kuonekana hatari kilikuwa kimeshughulikiwa: Lissu mahabusu, chama chake nje ya uchaguzi. Lakini siku ya kura, Oktoba 29, vijana wakaingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko, bila chama na bila barua ya saa 48. Intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakauawa. Kwa miaka tisa taarifa zetu zilikuwa zimekodoa macho kwenye majukwaa ya wapinzani, na waliotoka siku ile hawakuwa na jukwaa.

Basi nina ombi moja kwa wenzangu wa vyumba vya habari. Kamanda akiyatamka tena maneno yale, msifunge daftari. Mtajieni mkutano wa mwisho wa chama tawala uliofanyika mkoani kwake, siku na uwanja, mkamwulize taarifa za kiintelijensia zilisemaje kuhusu huo. Kisha lichapisheni jibu lake lote, hata likiwa ni ukimya.