Supu Ipo, Chapati Hakuna

Mjomba, shikamoo, na salamu kwa wazee wote wa kijiwe cha supu hapo Magomeni. Mliuliza nakula nini huku Houston. Nakula supu, tena asubuhi. Acheni kuniombea.

Wenyeji hapa wakiamka wanakula konfleksi kwa maziwa baridi, na hakuna anayewaonea huruma. Nilishakata tamaa mpaka nilipofika Bellaire Boulevard, ambako hata vibao vya majina ya mitaa vina Kivietnamu. Saigon ilipoanguka Aprili 1975, watu walikimbia na roho zao na, namshukuru Mungu, na mapishi yao. Wengi wakaishia Texas.

Mgahawa wenyewe hauna mbwembwe: kaunta, televisheni inayojipigia kelele, na mama mmoja asiyejua kubembeleza mteja. Chakula kina namba. Taja namba, kaa. Hujavuta kiti vizuri bakuli limefika, kubwa kama beseni la kunawia, na hulipi hata dola 20.

Ndani kuna tambi za mchele, kano, utumbo (ndiyo, utumbo!) na mchuzi wa mifupa iliyochemka saa nyingi pamoja na mdalasini, karafuu, na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa kwanza motoni. Wanaiita pho. Pembeni sahani ya mrehani, machipukizi ya choroko, pilipili mbichi na ndimu. Ndimu, Mjomba, bila kuomba! Supu hii asili yake ni kaskazini, upande wa Hanoi, na wa huko huona majani yote hayo ni fujo za watu wa kusini. Katika ugomvi huo, mimi ni mtu wa kusini. Kuna na maji ya samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi; ukinusa chupa uko soko la samaki la Feri kabisa, ukionja unaacha maswali.

Nilimpeleka mzee mmoja wa Tanga. Bakuli lake likaja na vipande vya nyama mbichi, vyekundu, juu. Akamwita mama: hii haijaiva. Mama akaja, hakusema neno, akachukua vijiti, akaizamisha nyama yote kwenye mchuzi, akangoja kidogo, akainua kipande kimoja mbele ya miwani ya mzee. Kimeiva. Akarudi kaunta.

“Kumbe nalipa halafu najipikia?” mzee akanong’ona. Lakini kitako cha bakuli alikiona.

Shida ni moja tu: hawana chapati. Mkate wanao, ule mrefu waliourithi kwa Wafaransa, na wakiujaza nyama na karoti za siki ni mtamu kweli. Ila kwenye supu haukunjiki. Kwa hiyo binamu akija, nguo aziache, zipo tele huku. Shangazi amfungie chapati, zile za mafuta mengi, na forodhani aseme ni mkate.